Fe, ta na zile alama tatu

Mwambie mwanakwaya yeyote aliyelelewa na sol-fa aimbe s fe s. Ataimba bila kusita, na ile fe itakaa mahali pake, imejibana chini ya soh kama mtoto aliyeegemea mgongo wa mama yake. Sasa mwekee mbele karatasi ya mistari mitano yenye sauti hizo hizo tatu: G, F yenye shapu, kisha G. Atanyamaza. Atamtazama mwenzake, mwenzake atatazama kinanda, na mazoezi yatasimama yakimsubiri mpiga kinanda awape sauti ambayo wote wanayo kooni tangu utotoni.

Mwongozo huu nimemwandikia huyo aliyenyamaza. Baada ya miaka mingi ya kufundisha kwaya ninaamini kabisa kwamba anayejua sol-fa tayari anazijua shapu, flati na nachurali kwa sikio. Kilichobaki ni kuzijua kwa jicho, na hasa kujua mambo mawili ambayo sol-fa haikumtaka ayajue: alama inatawala nota zipi, na utawala wake unaishia wapi. Karibu makosa yote ninayoyasikia kwenye mazoezi yanatoka kwenye hayo mawili.

Anza na umbali

Kaa mbele ya kinanda. Tafuta C, halafu panda kibao kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, bila kuruka hata kimoja, mpaka uifikie C inayofuata. Utakuwa umepiga hatua 12. Kila hatua kati ya hizo ni nusu toni, na nusu toni mbili zinafanya toni nzima. Vibao vyeupe ni 7 na vyeusi ni 5, na ukiangalia vizuri utaona sehemu mbili ambapo vyeupe vinagusana bila cheusi katikati: E na F, halafu B na C. Kwenye kii ya C, hapo ndipo panapokaa m–f na t–d. Sehemu nyingine zote, kutoka cheupe hadi cheupe kinachofuata ni toni nzima.

Shika picha hiyo, kwa sababu alama zetu tatu zinazungumzia umbali huo tu. Shapu inaipandisha nota nusu toni. Flati inaishusha nusu toni. Nachurali inaivua nota alama iliyokuwa nayo na kuirudisha kwenye herufi yake tupu.

Wengi huambiwa siku ya kwanza kwamba shapu ni kibao cheusi. Ni njia rahisi ya kuanza, lakini inakuja kumtesa mwanafunzi baadaye. Shapu ni jirani wa karibu kabisa upande wa kulia, awe mweusi au mweupe. Flati ni jirani wa karibu kabisa upande wa kushoto. E shapu inapigwa kwenye kibao cheupe, kile kile cha F. C flati inapigwa kwenye kibao cha B. Usidhani hizi ni sauti za vitabuni tu. Wimbo wa huzuni ulioandikwa kwa shapu tatu ukihitaji se, hiyo se itakuwa E shapu, na mpiga kinanda aliyezoea kwamba shapu ni cheusi atatafuta kibao ambacho hakipo.

Nachurali nayo ina mtego wake, na huu ndio ningependa uusome mara mbili. Watu hudhani nachurali haipandishi wala haishushi, eti inatuliza tu. Inategemea imeondoa nini. Kwenye kii ya F, B ina flati tangu mwanzo wa mstari. Ukikutana na B yenye nachurali, flati imeondolewa, kwa hiyo sauti imepanda. Hiyo ni fe. Kwenye kii ya G, F ina shapu tangu mwanzo. Ukikutana na F yenye nachurali, shapu imeondolewa, kwa hiyo sauti imeshuka. Hiyo ni ta. Alama ni ile ile, kazi mbili zinazopingana. Kabla hujaimba nachurali, rudisha jicho mwanzoni mwa mstari ujue imevua nguo gani.

Zinavyoonekana kwenye karatasi

Shapu ni vijiti viwili vya wima vilivyokatwa na viwili vinene vilivyoinama kidogo kuelekea juu. Flati inafanana na herufi b ndogo iliyochongoka chini. Nachurali ni kisanduku chenye mkia mmoja unaopanda kushoto na mwingine unaoshuka kulia. Kwenye kitabu kilichochapishwa vizuri hutazichanganya. Lakini wengi wetu hatuimbi kutoka kwenye kitabu kilichochapishwa vizuri. Tunaimba kutoka kwenye fotokopi ya fotokopi, iliyokunjwa mara nne na kukaa mfukoni, na hapo mikia ya nachurali na ya shapu hufanana sana. Hesabu mikia: shapu ina mikia minne, miwili juu na miwili chini, nachurali ina mmoja juu na mmoja chini. Ukishahakikisha, ikoleze kwa penseli.

Angalia pia imekaa wapi. Tumbo la alama, yaani kile kijisanduku au kile kitumbo cha b, lazima kikae kwenye mstari ule ule au nafasi ile ile ya nota inayotajwa. Kama tumbo liko kwenye mstari wa B, basi ni ya B, hata kama mkia umepita hadi kwa jirani. Na alama hutangulia. Mdomoni tunasema F shapu, lakini kwenye karatasi jicho linaisoma shapu kwanza kisha F, kwa kuwa muimbaji anatakiwa apate onyo kabla ya kufungua kinywa. Wanaonakili nyimbo kwa mkono husahau hili wakaandika shapu baada ya nota kama wanavyotamka. Ukiiona hivyo kwenye nakala, isahihishe, maana mwingine ataichukua kama alama ya nota inayofuata.

Alama za mwanzo wa mstari

Kuna shapu na flati zinazokaa mwanzoni kabisa, baada ya klefu, na kurudiwa kila mstari mpya unapoanza. Hizo ni alama za kii. Zinatawala wimbo mzima, na zinatawala herufi popote ilipo: shapu iliyoandikwa kwenye mstari wa juu wa F inazihusu F zote, ya soprano na ya besi, ya juu na ya chini.

Zinakuja kwa mpangilio usiobadilika. Shapu: F, C, G, D, A, E, B. Flati ni mpangilio huo huo ukisomwa kinyumenyume: B, E, A, D, G, C, F. Kwa hiyo wimbo wenye shapu mbili daima una F na C. Hautakuwa na C na G.

Kwa mtu wa sol-fa, kuna njia ya mkato ambayo sijaona nyingine inayoizidi. Shapu ya mwisho kulia ni te. Panda nusu toni moja, umeipata doh. Aleluya Kuu ya Handel ina shapu mbili, ya mwisho ni C. C shapu ni te, basi doh ni D. Upande wa flati, ya mwisho kulia ni fah. Hesabu kushuka f, m, r, d. Zikiwa flati mbili au zaidi huhitaji hata kuhesabu, ile ya pili kutoka mwisho ndiyo doh yenyewe. Flati tatu ni B, E, A. Ya pili kutoka mwisho ni E, basi doh ni E flati. Ukiona mstari mtupu, doh ni C. Kile ambacho kwenye karatasi ya sol-fa kinaandikwa juu kushoto, Doh ni G, Doh ni F, hapa kimeandikwa kwa idadi ya alama.

Utajiuliza kwa nini kii ya F inaandikwa na B flati wakati kibao hicho hicho kingeweza kuitwa A shapu. Andika ngazi yenyewe uone: F, G, A, halafu A shapu, C, D, E. Herufi A imetokea mara mbili, B haipo kabisa, na kwenye mistari mitano ingebidi nota mbili zikae sehemu moja na kuacha pengo juu yake. Ngazi inataka kila herufi itokee mara moja. Kwa hiyo nota ya nne lazima iwe aina fulani ya B, na B inayofaa hapo ni flati.

Alama za njiani

Hizi ndizo zinazowasumbua watu. Zinatokea katikati ya wimbo, mbele ya nota moja, bila kutangazwa mwanzoni. Hukumu yake ni fupi: inaanzia pale ilipoandikwa na kufa kwenye mstari wa wima unaofuata, yaani mwisho wa kipimo.

Nakumbuka jioni moja tukijifunza wimbo wa Majilio, kii ya C, mapigo manne. Alto walikuwa na vipimo viwili hivi:

G, F shapu, G, F | F, E, D, C

Shapu imeandikwa mara moja tu, kwenye F ya kwanza. Hatukuwahi kuimba hapo bila mvutano. Nusu ya alto waliimba F ya pili ikiwa tupu, kwa kuwa haina alama mbele yake. Nusu nyingine waliimba F shapu, wakaendelea nayo mpaka kipimo cha pili, na hapo kinanda kilipiga F tupu wao wakiwa juu yake kwa nusu toni. Ule mgongano ulimfanya kila mtu anyamaze. Mama mmoja wa alto, mwimbaji wa siku nyingi, aliinua karatasi yake na kuuliza:

“Mwalimu, hiyo shapu nani ameiondoa?”

Ni swali zuri kuliko maelezo yangu yote ya jioni ile. Hakuna nachurali kwenye kipimo cha pili. Hakuna mkono uliofuta kitu. Aliyeiondoa ni ule mstari mwembamba wa wima. Nilimwomba aimbe kwa sol-fa, s fe s fe | f m r d, akaimba mara moja, na wenzake wakamfuata. F ya pili ilikuwa fe kwa sababu shapu bado ilikuwa hai ndani ya kipimo. F ya tatu ilikuwa fah kwa sababu tumeshavuka mstari. Kwenye sol-fa kila nota inabeba jina lake kamili, kwa hiyo macho yetu hayajazoea nota inayorithi alama kutoka kwa iliyotangulia. Kwenye mistari mitano urithi huo ni kanuni.

Wachapishaji makini wangeweka nachurali ndogo kwenye F ya kipimo cha pili, wakati mwingine ndani ya mabano. Kisheria haihitajiki. Ni ukumbusho wa hisani, na ukiiona usianze kutafuta maana iliyojificha. Ukiwa wewe ndiye unayenakili wimbo kwa ajili ya wengine, ziweke bila kubania. Wino kidogo unaokoa nusu saa ya mazoezi.

Alama ya njiani, tofauti na ya kii, inatawala mahali pake tu. Shapu iliyowekwa kwenye F ya nafasi ya chini haiigusi F ya mstari wa juu kabisa. Wapigaji vinanda wanaoanza huipandisha ile ya juu pia, na watunzi wengi, wakijua hofu hiyo, huandika alama mara mbili. Kadhalika, shapu ya soprano kwenye mistari yake haimhusu mwanateno aliye kwenye mistari mingine. Soprano na alto wanapochangia mistari mitano ile ile na kuimba sauti ile ile ndani ya kipimo kimoja, mwandishi mwangalifu humwekea kila mmoja alama yake. Asipofanya hivyo, simamisheni, mpige nota zote nne kwa pamoja kinandani, mkubaliane, kisha kila mtu aandike kwenye karatasi yake.

Kuna kitu kimoja tu kinachoivusha alama nje ya kipimo chake: upinde wa kuunganisha. F shapu ikishikiliwa kwa upinde hadi kipimo kinachofuata, inabaki shapu kwa muda wote inaoshikiliwa, kwa kuwa ni sauti moja iliyorefushwa. Ukiachia ukaipiga F upya ndani ya kipimo hicho, imerudi kuwa tupu mpaka uandikiwe vinginevyo.

Uliza inaelekea wapi

Sol-fa imekupa zawadi ambayo mpiga kinanda aliyeanzia kwenye vibao huichelewa. Vokali ya e hupandisha: de, fe, se. Vokali ya a hushusha: ta, ma. Na sauti iliyopandishwa hupenda kuendelea kupanda, iliyoshushwa hupenda kuendelea kushuka. Fe inaitafuta soh. Se inaitafuta lah. Ta inaitafuta lah kutoka juu. Hazifanyi hivyo siku zote, na ule mfano wa alto umekuonyesha fe ikishuka kwenda fah, lakini zinafanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba unaweza kujitayarisha.

Kwa hiyo ukikutana na alama ya njiani, kabla ya kujiuliza ni kibao gani, jiulize imepandisha au imeshusha, kisha iangalie nota inayofuata. Ukiona F shapu ikifuatwa na G kwenye kii ya C, umeipata fe–s. Ukiona C nachurali ikifuatwa na B kwenye kii ya D, hiyo ni ta–l. Sauti itatoka yenyewe.

Nyimbo za huzuni, zile ambazo doh haikai nyumbani bali lah ndiyo yenye nyumba, hutumia se karibu kila zinapotua. Kii inaonyesha flati moja, wimbo unaanza na kuishia kwenye D, na ndani yake C shapu inatokea tena na tena: hiyo ni se. Flati tatu, wimbo unaishia kwenye C, na B nachurali inajirudia: hiyo pia ni se. Angalia jinsi alama zilivyotofautiana, moja shapu na nyingine nachurali, kazi ikiwa ile ile moja. Ukishazoea kuitambua se kwa tabia yake hutababaishwa na umbo lake.

Fe ikirudi kila kipimo kwa mstari mzima, kuna uwezekano mkubwa kwamba wimbo umehamia kii nyingine na ile fe imegeuka te ya nyumba mpya. Badili doh hapo hapo, kama mnavyofanya kwenye karatasi ya sol-fa yenye nota za daraja.

Mara chache utaiona alama kama x ndogo. Hiyo ni shapu mbili kwa pamoja: panda toni nzima. Inatokea, kwa mfano, kwenye wimbo wa huzuni wenye shapu tano, ambapo soh tayari ni F shapu na se inadai kupanda tena. Flati mbili zilizobanana hushusha toni nzima. Pita, usihangaike.

Zoezi ninalolipendekeza ni la penseli. Chukua wimbo mmoja unaoujua kwa sol-fa, utafute kwenye mistari mitano, na uandike herufi za sol-fa chini ya nota za aina mbili tu: zile zenye alama ya njiani, na zile zinazoirithi ndani ya kipimo hicho hicho. Nyingine ziache wazi. Ukiandika sol-fa chini ya kila nota, jicho litasoma penseli na kuisahau karatasi. Ukiandika kwenye nota hizo chache, jicho linalazimika kusoma mistari na linapata msaada pale tu linapouhitaji. Baada ya nyimbo sita au saba hivi, futa.

Majina yanayopishana

Hizi alama zina ukoo mmoja. Katika enzi za Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11 aliyefundisha waimbaji kwa silabi ut, re, mi, fa, sol, la, nota pekee iliyokubaliwa kuwa na sura mbili ilikuwa B. B laini iliandikwa kwa b ya mviringo, B ngumu kwa b ya pembe nne. Ile ya mviringo ndiyo flati yetu ya leo. Ile ya pembe nne ilizaa nachurali na shapu, ndiyo maana zinafanana hata kwenye fotokopi mbaya.

Ukoo huo umeacha majina yanayoweza kukuchanganya. Wajerumani waliiita ile B ya pembe nne H. Kwao B ni B flati yetu, na H ni B nachurali. Ukifungua kitabu cha Kijerumani, na kwaya nyingi za Kilutheri huku kwetu zimerithi vitabu vya namna hiyo, usisome B yao kama yako. Bach aliitumia bahati hii: herufi za jina lake zinaimbika, B flati, A, C, B nachurali, na alizitia kwenye fugi ya mwisho ya kitabu chake cha fugi, ambayo hakuimaliza.

Mwanamuziki wa Lubumbashi au Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa atakuambia dieze, bemoli na bekare. Bemoli maana yake ni b laini, bekare ni b ya pembe nne. Lakini tahadhari kubwa iko kwenye do. Kwake do ni C siku zote, haihami. Akisema do dieze anamaanisha kibao kimoja mahususi. Kwetu doh inahama na kii, kama ilivyopangwa na Sarah Glover wa Norwich na baadaye mchungaji John Curwen katika Uingereza ya karne ya 19, na kuenezwa na wamisionari hadi kusini na mashariki mwa Afrika. Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake ulikuja kuwa wa Mungu Ibariki Afrika, aliuandika kwa sol-fa. Mkikutana watu wa pande hizo mbili kwenye mazoezi, kubalianeni mapema kutumia herufi, C, D, E, mpaka mzoeane.

Flati iliyokatwa

Msomaji wa Unguja au Mombasa aliyekulia kwenye taarabu atakuwa ameshajiuliza: mbona kuna sauti ambazo alama hizi tatu hazizifikii? Ni kweli. Katika maqamu ya Rasti inayoanzia C, nota ya tatu haikai kwenye E wala kwenye E flati. Inakaa katikati yake. Waandishi wa muziki wa Kiarabu huiandika kwa flati iliyokatwa mkia kwa kijistari, maana yake ishushe robo toni, nusu ya kile ambacho flati kamili ingeshusha. Hukumu zake ni zile zile: ikiwa mwanzoni mwa mstari inatawala wimbo, ikiwa njiani inaishia kwenye mstari wa wima. Kinanda cha kawaida na akodiani havina kibao cha sauti hiyo. Fidla na udi zinayo kwa kusogeza kidole. Mpiga kanuni ana vijichuma vidogo kando ya nyuzi, anavinyanyua au kuvilaza ili kufupisha au kurefusha uzi, na akivipanga kabla ya kuanza utaona kwa macho kabisa alama za kii zikiwekwa.

Hijazi ni jirani anayefaa kuanza naye, kwa kuwa sauti zake nne za mwanzo zinapatikana kinandani. Ianzie D: D, E flati, F shapu, G. Katika kii za kawaida za kwaya, shapu na flati hazikai pamoja mwanzoni mwa mstari. Hapa zinakaa bega kwa bega, na kati ya E flati na F shapu kuna toni nzima na nusu, pengo ambalo sikio la mtu wa pwani linalitambua kabla hata mwimbaji hajatamka neno. Ipige polepole mara tano, ukipanda na kushuka. Halafu andika nota hizo nne kwa mkono wako, alama zikitangulia nota, matumbo yake yakikaa sawasawa kwenye mstari wa chini na nafasi inayofuata, na umpe mtu mwingine asome.